Kulikabili tatizo au kuutuliza moyo: mwaka wa kwanza chuoni Dodoma

Mwaka 1984, wanasaikolojia Richard Lazarus na Susan Folkman walitofautisha njia mbili za kukabili msongo: kulishughulikia tatizo lenyewe, au kutuliza hisia linazozizusha. Kwa mwanafunzi mgeni wa Chuo Kikuu cha Dodoma, njia ya kwanza inafaa penye jambo linalobadilika, kama kumwona mhadhiri baada ya kufeli jaribio, au kupangia matumizi fedha za kujikimu kabla hazijaisha (nazo huisha upesi kuliko anavyodhani). Msiba ukitokea nyumbani, hata hivyo, hakuna cha kurekebisha; hapo kuzungumza na mwenzake wa chumbani, kusali au kukimbia jioni humsaidia zaidi. Ulevi, ingawa nao hutuliza, siuhesabu, kwa kuwa humwongezea madeni na vipindi alivyokosa.