Uzoefu wangu na Terrier, riwaya ya askari mwanafunzi

Anayetaka fantasia ambayo doria inachosha miguu kwelikweli asome Terrier ya Tamora Pierce, iliyotoka mwaka 2006. Beka Cooper, miaka 16, anaanza mafunzo ya zamu ya jioni katika Mji wa Chini wa Corus, makao makuu ya ufalme wa Tortall. Askari huko huitwa Mbwa, wanafunzi ni vitoto vya mbwa, na kituo ni banda. Kwetu hilo ni tusi zito. Wao wanalibeba kwa fahari.

Nilichokipenda kuliko vyote ni jinsi uchawi ulivyowekewa mipaka. Beka husikia roho za waliouawa zikiwa zimepanda njiwa, lakini hazimtajii muuaji. Zinalalamika, zinarudiarudia jambo lililozikaa moyoni. Vimbunga vidogo vya vumbi kwenye kona za mitaa navyo hunasa maongezi ya wapita njia. Beka huvipelekea vumbi la mitaa mingine kama zawadi, kisha anaingia katikati na kutega sikio. Anatoka na vipande vya maneno tu. Kinachobaki ni kazi ya kawaida: yeye na wakubwa wake wawili, Tunstall na Goodwin, wanapita kuuliza, wanawabembeleza watoa habari, wanalinganisha majibu. Hapo ndipo riwaya nyingi za aina hii hulegea, kwa kuacha uchawi umalize kesi. Hii hailegei.

Rushwa nayo haikufichwa. Kuna mfuko wa hongo unaokusanywa kwa ratiba, na Mbwa wema wanaupokea pia.

Wengi hukwama mwanzoni, kwa sababu kitabu kinafunguka na shajara za watu wengine, ya kwanza ikiwa ya mama aliyeishi vizazi kadhaa baada ya Beka. Zisome haraka, usikariri majina. Misimu ya mtaani ni mingi. Weka alama kwenye faharasa iliyo mwishoni. Beka naye anasimulia kwa shajara yake, na umbo hilo lina kasoro moja: ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyetoka doria hoi anaandika mazungumzo marefu neno kwa neno.

Mzazi ajue kwamba anayesakwa, Nyoka wa Kivuli, huteka watoto, na mzazi asipotoa anachodaiwa, mtoto huuawa. Kwa msomaji wa miaka 10 ningesubiri. Ukimaliza, fuata Bloodhound (2009), yenye kesi ya sarafu bandia za fedha, ndipo Mastiff (2011).