Wosia RITA, mtaa wa Makunganya: tathmini ya huduma

Kama una nyumba Tabata, kiwanja Chanika na watoto wa mama tofauti, hii ndiyo huduma tunayoipendekeza kwanza. Pale Jengo la RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), Posta, Dar es Salaam, wanasheria wa serikali wanakuandikia wosia, au wanapokea ule ulioandikwa na wakili wako, na wanautunza kwa siri. Ukibadili mawazo ungali hai, unaubadilisha.

Kinachoipa huduma hii thamani ni huko kutunza. Wosia wa kabatini huliwa na mchwa, huchanwa na aliyekosa fungu, au huzuka na wa pili siku ya arobaini.

Ila mwanasheria anaandika unachomwambia, na watu wengi wanafika mikono mitupu. "Nyumba yangu ya Mbagala apewe Asha" haitoshi. Nenda na namba ya kiwanja, kitalu, eneo na namba ya hati. Kama eneo halijapimwa, taja namba ya leseni ya makazi, au tarehe ya mkataba wa mauziano, ofisi ya serikali ya mtaa iliyoshuhudia na majirani wa pande zote nne. Majina ya watoto yawe kama yalivyo kwenye vyeti vya kuzaliwa. "Mama Juma" au "Kidoti" italeta maswali mahakamani.

Mashahidi ndio wanaoangusha wosia nyingi. Kwa sheria ya kimila, anayejua kusoma na kuandika anahitaji wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje, asiyejua, wanne. Wote wasaini kwa pamoja, mwenye wosia akiwepo. Usimfanye mrithi shahidi, maana anaweza kupoteza alichoachiwa. Na ukimnyima mtoto urithi, andika sababu. Sheria hiyo ya kimila inatambua sababu kama vile kujaribu kukuua au kukutelekeza kwenye njaa na maradhi. Hasira za kawaida hazimo. Muislamu anayefuata sheria ya dini yake ausie kisichozidi theluthi, tena kwa asiye mrithi.

Yapo ambayo huduma hii haiyagusi. Fungu la mwenzi wako kwenye mali mliyochuma pamoja si lako kuligawa. Mafao ya mifuko ya hifadhi ya jamii, NSSF na PSSSF, yana utaratibu wake wa wategemezi, kwa hiyo hakikisha taarifa zako huko ni za sasa.

Wosia peke yake haubadilishi jina kwenye hati. Msimamizi wa mirathi unayemtaja kwenye wosia lazima afungue shauri la mirathi, na kwa Dar es Salaam ni Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia, Temeke, akiwa na cheti cha kifo na wosia wenyewe. Akishathibitishwa na Mahakama ya Mwanzo, ana miezi 4 kuwasilisha orodha ya mali na madeni kwa fomu namba 5, au aombe kuongezewa muda, kisha hesabu kwa fomu namba 6 kwa vipindi atakavyopangiwa na mahakama. Wengi hapa hulala, ndugu wakarudi mahakamani kuomba aondolewe. Kwa hiyo chagua mtu mwenye muda na anayeweka kumbukumbu, hata kama si kifungua mimba, na uandike jina la pili endapo wa kwanza atatangulia.

Mwambie huyo msimamizi wosia uko wapi. Yaliyomo yabaki siri. Ukiuza kile kiwanja cha Chanika, rudi Makunganya wiki hiyohiyo uurekebishe wosia.