Uzoefu wangu na dawati la ufundi la kampuni inayotuuzia intaneti ya jumla

Ninasimamia mtandao wa kampuni ndogo ya intaneti mjini Mwanza, na ninaowalalamikia ndio wanaotuuzia intaneti ya jumla kutoka Dar es Salaam. Kasi waliyotuahidi tunaipata, bei yao inavumilika, na faiba yao hukatika mara chache kuliko za wengine niliowahi kufanya nao kazi. Hayo nayasema mapema nisije nikaonekana ninawaonea. Kilichoniudhi ni dawati lao la ufundi.

Masika yaliyopita wateja wetu walianza kulalamika kwa namna ya kutatanisha: huyu simu zake za video zinakatikakatika, jirani yake aliyeunganishwa kwenye mnara huohuo hana shida yoyote. Niliendesha mtr, programu inayopima upotevu wa pakiti (vipande vya data) kwenye kila ruta ya njiani, kutoka kwenye anwani zetu mbalimbali, na kila mara baadhi zilikuwa safi kabisa, ilhali nyingine, zilezile, zilipoteza pakiti kuanzia kwenye ruta yao hadi mwisho wa njia. Kwa anayeifahamu kazi hii, dalili hiyo inatosha. Ruta mbili zikiunganishwa kwa nyuzi kadhaa zinazohesabiwa kama moja, kila mawasiliano hupangiwa uzi wake kwa kukokotoa anwani na namba za poti, na hubaki humohumo. Uzi mmoja ukiharibika bila kuzimika, wanaoumia ni waliopangiwa huo tu. LACP, itifaki inayosimamia kundi hilo la nyuzi, haiutoi kundini maadamu ujumbe wake bado unapita, kwa hiyo ni lazima mtu aingie kwenye ruta atazame makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika, ya kila poti ambamo uzi umechomekwa.

Niliyaeleza hayo yote kwenye tiketi, nikaambatanisha vipimo vya kwenda na vya kurudi, nikawaomba jambo hilo moja tu. Kijana aliyenipigia alisema amejaribu kutoka mezani kwake na kwake kuko sawa, kisha akaongeza: "Kaka, hizo ni ruta zinabana majibu ya ICMP. Kajifunze kwanza kusoma mtr." Tiketi ikafungwa kwa maneno "tatizo liko kwa mteja".

ICMP ni ujumbe ambao ruta hutumia kumjibu anayepima njia. Kanuni aliyoitaja ni ya kweli, na ndiyo maana nilikasirika zaidi. Ruta ya katikati huweza kuonekana inapoteza pakiti kwa sababu tu imewekewa kikomo cha kujibu, lakini hapo zinazofuata huwa safi. Kwenye vipimo vyetu upotevu uliendelea mpaka mstari wa mwisho, na vipimo hivyo vilikuwa mbele ya macho yake.

Siku kadhaa baadaye alipokea simu yangu mhandisi wa zamu ya usiku, dada msikivu, ambaye aliingia kwenye ruta tukiwa bado tunazungumza, akaukuta uzi wenye makosa, akautoa, na malalamiko yakakoma usiku uleule. Kwa ajili yake nilikusudia kuwapa nyota tatu. Hata hivyo, nikikumbuka jinsi wenzangu walivyoshinda wakiwaomba wateja radhi kwa kosa lisilo letu, na kwamba nilipotaka maneno yale yasahihishwe niliambiwa tiketi ikishafungwa haiguswi, tatu naziona nyingi mno. Nawapa moja, na hiyo ni ya yule dada. Nimekwishaomba bei kwingine, na la kwanza nililowauliza ni kama anayepokea simu ana ruhusa ya kuingia kwenye ruta.