Klorini ya unga ya asilimia 65: mwaloni ndiyo yenyewe, nyumbani chukua jiki

Kwa wenye meza za samaki Mwaloni Kirumba na mialo mingine ya kushushia samaki Mwanza, klorini ya unga ya asilimia 65, ile ya punje nyeupe, inaishinda jiki, ile klorini ya maji ya dukani, kwa mbali. Kopo la kilo moja lina gramu 650 za klorini hai, yaani ile inayoua vijidudu. Dumu la lita tano la jiki ya asilimia 3.5 lina gramu 175 hivi, kilichobaki karibu chote ni maji. Ukitaka kujua ipi ni nafuu, gawa bei kwa gramu hizo. Ukubwa wa chombo usikubabaishe.

Nunua kopo lililofungwa, lenye asilimia na tarehe. Ule unga unaochotwa kwenye ndoo iliyo wazi na kufungiwa kwenye kimfuko, uache hapo hapo dukani. Joto na unyevu huupunguzia nguvu, nawe utapiga hesabu kwa 65 ambayo haipo tena.

Hesabu ni hii: zidisha lita za maji kwa miligramu unazotaka kwenye kila lita, kisha gawa kwa asilimia ya unga iliyozidishwa kwa kumi (65 inakuwa 650); jibu ni gramu za unga. Meza ya sangara inahitaji miligramu 200 kwa lita. Ndoo ya lita 20 ni 20 × 200 ÷ 650, yaani gramu 6 na ushee. Wengi husahau kugawa kwa nguvu ya unga, wakaweka gramu 4. Hapo meza inapata miligramu 130 tu. Choo kinataka asilimia 0.5, na kwa kuwa asilimia 1 ni miligramu 10,000 kwa lita, hiyo ni 5,000: ndoo ile ile itakula gramu 154. Angalia nukta vizuri, maana 0.05 na 0.5 zimepishana mara kumi. Kijiko nacho hakiaminiki, punje hazilingani. Mizani ndogo ya gramu inatosha.

Hata kipimo sahihi hakifanyi kazi juu ya magamba na utelezi, kwa sababu uchafu huila klorini kabla haijawafikia vijidudu. Sugua kwa sabuni, suuza, ndipo umwage dawa. Iache dakika kumi, usuuze tena kwa maji safi. Changanyia maji ya bomba. Maji ya ziwa ya kando ya mwalo, yenye tope na mwani, humaliza klorini ndani ya ndoo.

Tia unga kwenye maji, kamwe usimwagie maji juu ya unga. Tumia ndoo ya plastiki na vaa glavu. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi inayounguza mapafu. Na kopo lisikae karibu na petroli wala oili ya injini ya boti, linaweza kuwasha moto.

Kasoro kubwa ya unga huu ni mashapo meupe, ambayo huziba pampu ya kupulizia. Acha yatuame, utumie maji ya juu. Pia klorini hii hula chuma na alumini.

Kwa nyumba ya kawaida kilo nzima ni nyingi mno, itaharibika kabla haijaisha. Jiki ya asilimia 3.5, mililita 143 ndani ya ndoo ya lita 10, inakupa asilimia 0.05 ya kupigia deki.