Kalamu ya Hewa ya Kusafishia Visukuku vya Jurasiki: Chombo cha Amonaiti Kuliko cha Chaza

Mkusanyaji wa visukuku vya Kipindi cha Jurasiki, yaani vile vya kati ya miaka milioni 201 na milioni 145 iliyopita, hufika mahali ambapo nyundo, tindo na sindano havimtoshi tena. Ana donge la jiwe chokaa mkononi, anaona ukingo wa amonaiti, mnyama wa bahari ya kale mwenye gamba lililojiviringa, umechungulia upande mmoja tu, na anajua kwamba pigo moja la tindo likienda kombo litapasua kile alichokitafuta. Hapo ndipo anapoanza kuifikiria kalamu ya hewa, chombo kidogo cha chuma kinachoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa na chenye ncha inayogonga jiwe kwa kasi kubwa. Nimeitumia ya ukubwa wa kati kwa muda mrefu, kwenye amonaiti na kwenye chaza na jamaa zake wenye makombe mawili, na maoni yangu hayakuwa sawa kwa makundi hayo mawili. Kwa amonaiti zilizomo ndani ya madonge magumu sijaona chombo cha kuishinda. Kwa makombe mengi ya Jurasiki, hata hivyo, ni chombo cha kushika baada ya vingine kushindwa.

Sababu ya tofauti hiyo imo katika jinsi madonge yenyewe yalivyoundika. Amonaiti alipokufa na kuzama katika matope ya sakafu ya bahari, kuoza kwa masalia kulibadilisha kemia ya maji yaliyokuwa ndani ya matope hayo, na madini ya chokaa yakaanza kujijenga kuzunguka gamba. Mara nyingi hayo yalitokea mapema, kabla uzito wa matope ya juu haujayagandamiza ya chini, na ndiyo maana amonaiti iliyomo ndani ya donge huwa bado ina unene wake wa asili, ilhali mwenzake aliyebaki nje, katika mwamba laini wa tabaka lilelile, amebanwa akawa bapa. Katika majabali ya pwani ya Lyme Regis na Charmouth, kusini mwa Uingereza, na katika yale ya Whitby, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo, mawimbi na maporomoko huyaangusha madonge ya namna hii ufukoni, na wakusanyaji huyaokota miongoni mwa changarawe. Ugumu uleule uliolihifadhi gamba ndio unaomtesa mwenye kulisafisha, kwa kuwa jiwe lililolizunguka linaweza kuwa gumu kulishinda gamba lenyewe.

Kalamu yenyewe ina unene unaokaribia ule wa kalamu nene ya wino, na ndani yake mna pistoni ndogo inayosukumwa na hewa mbele na nyuma, maelfu mengi ya mara kwa dakika. Ncha imetengenezwa kwa tungsteni kabaidi, madini magumu sana, na mwendo wake ni mfupi kiasi kwamba macho hayauoni. Unachokiona ni jiwe kuanza kugeuka unga na vigae vidogo kuruka. Hewa iliyokwisha kufanya kazi hutokea karibu na ncha, ikapeperusha vumbi na kuacha mahali pa kazi pakionekana. Jambo hilo linaonekana dogo katika maelezo ya muuzaji, lakini mezani lina thamani kubwa, kwa sababu anayesafisha kisukuku huongozwa na tofauti ndogo sana za rangi, na vumbi likitanda hukosa dira.

Nichukue mfano wa Dactylioceras, amonaiti inayopatikana kwa wingi katika madonge ya Whitby, yenye mizunguko mingi iliyo wazi na mbavu nyembamba, yaani matuta ya gamba, zilizopangana kwa karibu. Kazi huanza mbali na gamba, kwa kuondoa jiwe la nje huku kalamu ikishikwa kwa wima kiasi. Kadiri unavyokaribia, unailaza ncha, na hapo ndipo uzuri wa chombo hiki unapojidhihirisha: mtikisiko wake hupita ndani ya jiwe hadi kwenye mpaka wa gamba, na kwa kuwa mpaka huo mara nyingi ni dhaifu kuliko jiwe na gamba vyote viwili, kigae cha jiwe hubanduka chenyewe na kuacha ubavu ukiwa mzima, wenye rangi ya kahawia au nyeusi inayong'aa. Ncha haijaugusa ubavu huo. Fundi mzuri hasukumi. Huiacha kalamu ifanye kazi kwa uzito wake na kuielekeza tu. Akisukuma, mapigo hupungua nguvu, na ncha ikiteleza huacha alama nyeupe juu ya gamba, alama ambazo hazifutiki.

Sehemu ngumu zaidi ni kitovu, yaani lile bonde la katikati ambamo mizunguko ya kwanza ya mnyama, ile ya utotoni mwake, imejikunja. Huko mbavu ni ndogo sana, nafasi ni finyu, na jiwe limeshika pande zote. Kalamu ya ukubwa wa kati haiingii humo kwa raha. Inahitajika ncha ndefu na nyembamba, lenzi ya kukuzia au hadubini yenye uwezo mdogo, na mwanga unaotoka ubavuni ili kila ubavu utupe kivuli chake. Watengenezaji wengine huuza kalamu ndogo kwa ajili ya kazi hiyo, na nakubali kwamba inafaa, lakini anayeianza hiyo kabla ya ile ya kati atachoka upesi, kwa kuwa haina nguvu ya kuondoa jiwe jingi.

Ubora wa chombo hiki haupimwi kwa uzuri wa amonaiti ikiwa imewekwa kabatini peke yake. Wanasayansi waliyagawa matabaka ya Jurasiki katika kanda nyembamba kwa kutumia amonaiti, kazi ambayo Albert Oppel wa Ujerumani aliipa msingi imara katikati ya karne ya 19, na hadi leo spishi ya amonaiti inaweza kueleza umri wa tabaka kwa usahihi wa kustaajabisha. Alama zinazotofautisha spishi ndizo hasa zinazofunikwa na jiwe. Hildoceras bifrons, kwa mfano, hutambulika kwa mfereji unaozunguka kila upande wa gamba lake na kwa ukingo wa nje wenye uti, yaani tuta jembamba, uliopakana na mifereji miwili. Nimeifungua mifereji hiyo kwa kalamu iliyonolewa vizuri, na uti ukabaki umesimama bila kuvunjika. Kwa tindo nisingethubutu kuigusa sehemu hiyo, na sindano peke yake ingenigharimu muda usio na kipimo. Hapa kalamu inastahili alama zote.

Kwa makombe hadithi ni nyingine. Gryphaea, jamaa ya chaza mwenye kombe nene lililojipinda, alijenga kombe lake kwa kalsiti, aina ya madini ya chokaa isiyoharibika kwa urahisi, na aghalabu hutoka mzima katika udongo wa mfinyanzi. Anachohitaji ni maji, brashi na subira kidogo. Kumpelekea kalamu ya hewa ni kumwonea. Trigonia, kwa upande wake, alijenga kombe lake kwa aragoniti, ambayo ni dhaifu zaidi dhidi ya maji yanayopita ardhini, na katika miamba mingi kombe limeyeyuka kabisa likaacha umbo la ndani au chapa tu. Pholadomya alikuwa na kombe jembamba tangu akiwa hai, na anayeokotwa mara nyingi huwa ni ule mjazo wa ndani uliobeba mistari ya kombe. Visukuku vya namna hii haviupendi mtikisiko. Palipo na ufa usioonekana, kalamu huutafuta na kuufungua, na kombe jembamba linaweza kuachana na mjazo wake katika vipande visivyounganishika.

Hata hivyo, nisiwe mkali kupita kiasi. Trigonia akiwa amebaki na kombe lake ndani ya jiwe chokaa gumu, na kombe hilo likiwa limegeuka kuwa kalsiti, kalamu humtendea haki kamili: matuta ya ubavuni na safu za vinundu upande wa nyuma hujitokeza moja baada ya jingine, na kiungio cha makombe mawili, ambacho ni muhimu katika kumtambua, kinaweza kusafishwa iwapo nakala imefunguka. Kinachotakiwa ni kuimarisha kwanza nyufa kwa gundi nyepesi au kwa Paraloid B-72, aina ya plastiki ya akriliki, iliyoyeyushwa katika asetoni, ambayo ina sifa ya kuweza kuondolewa baadaye, kuacha ikauke, kisha kupunguza presha ya hewa kabla ya kuanza.

Wapo wanaouliza kama kemikali haziwezi kuchukua nafasi ya chombo hiki na usumbufu wake. Tindikali haifai kwa visukuku vya chokaa vilivyomo ndani ya jiwe chokaa, kwa sababu haibagui. Itakula gamba sawasawa na jiwe. Potasiamu haidroksaidi hulegeza miamba yenye udongo mwingi na imewasaidia wengi kwenye makombe, lakini huunguza ngozi na macho vibaya, na kisukuku kisipooshwa kwa muda mrefu baadaye mabaki yake huendelea kukiharibu. Mpulizo wa unga, yaani kifaa kinachorusha unga laini kwa hewa, ni mwenza wa kalamu wala si mpinzani wake: kalamu huondoa jiwe jingi, na unga humalizia utando wa mwisho. Uchaguzi wa unga unahitaji akili, kwa kuwa dolomiti, mojawapo ya unga unaotumika, ina ugumu wa kati ya 3.5 na 4 katika kipimo cha Mohs na kalsiti ina 3, hivyo dolomiti inaweza kulikwangua gamba la kalsiti. Magadi ya kuokea, yenye ugumu wa takriban 2.5, ni salama zaidi japo ni ya polepole.

Kasoro za kalamu zipo na hazifai kufichwa. Kelele zake ni kali na za kuchosha, na kinga ya masikio ni ya lazima. Mtikisiko unaoleta ufanisi huo wote huingia pia katika vidole. Kazi ndefu bila mapumziko huviacha vikiwa na ganzi, na kwa watu wanaotumia vyombo vya kutikisika kwa miaka mingi kuna hatari ya madhara ya kudumu katika mishipa na neva za mkono. Hewa inayotoka ni baridi, jambo linalozidisha ganzi hiyo. Ya kutisha kuliko yote ni vumbi. Miamba mingi ya Jurasiki ina silika ndani yake, na unga wake ukivutwa mapafuni hautoki, wala madhara yake hayaponi. Barakoa ya kitambaa haitoshi kabisa. Inatakiwa ile ya kuchuja chembe ndogo sana, pamoja na sanduku la kufanyia kazi lenye kioo na mfumo wa kufyonza vumbi. Muuzaji aliyeniuzia kalamu yangu hakutaja neno hata moja kuhusu vumbi katika maelezo yaliyoambatana nayo, na hilo nalihesabu kuwa upungufu mkubwa kuliko kasoro yoyote ya chombo chenyewe.

Kisha kuna kompresa, mashine ya kushindilia hewa, ambayo wanunuzi huifikiria mwisho ilhali ingepaswa kutangulia. Kalamu nyingi za aina hii hufanya kazi vizuri kwenye presha ya paundi 80 hadi 100 kwa inchi ya mraba, lakini presha peke yake haisemi lolote. Kompresa ndogo yenye tangi dogo hufika presha hiyo kwa urahisi, kisha ikashindwa kuidumisha, na mapigo ya kalamu yakaanza kulegea katikati ya ubavu mgumu. Ni kiasi cha hewa kinachotolewa kwa dakika ndicho cha kuulizia dukani. Kichujio cha maji kwenye mpira wa hewa nacho ni cha lazima, kwani unyevu huotesha kutu ndani ya pistoni. Matone machache ya oili nyepesi kabla ya kazi, kwa kalamu zinazohitaji oili, na kunoa ncha kwenye jiwe la almasi huku ukiizungusha ili ibaki na umbo la mviringo, ndiyo matunzo karibu yote inayoyadai. Ya kwangu imebadilishwa ncha na mipira ya kuzuia hewa, na mwili wake haujaonyesha dalili ya kuchakaa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mnunuzi unategemea anachookota. Mwenye kukusanya amonaiti katika madonge ya chokaa anunue kalamu ya kati, aiunganishe na kompresa yenye tangi kubwa na sanduku la kufyonza vumbi, na aiache kalamu ndogo hadi mkono wake utakapozoea kuusikia mpaka wa gamba. Aanzie kwenye vipande vilivyovunjika vya donge lilelile, vile ambavyo vingetupwa, kwa sababu kila tabaka lina tabia yake ya kubanduka. Mwenye kukusanya Gryphaea na wenzake kutoka kwenye udongo laini ahifadhi fedha zake. Brashi nzuri, sindano zenye mshikio, lenzi na chupa ya Paraloid vitamfikisha mbali zaidi. Na mwenye kukusanya vyote viwili ainunue, ila kabla ya kuiwasha juu ya kombe lolote alikague kwa lenzi chini ya mwanga wa ubavuni, na akiuona ufa hata mmoja, aishike sindano kwanza.