Kipanya cha gololi: tazama viegemeo kabla ya kutazama kihisi

Kipanya cha gololi hakisogei mezani; unazungusha gololi iliyo juu yake na kishale kwenye skrini kinaifuata. Nimetumia vya aina zote mbili kwa kazi za kutwa: kile cha kidole gumba, chenye gololi ya milimita 34, na kile kikubwa cha milimita 55 kinachozungushwa kwa kidole cha shahada na cha kati. Maoni yangu nayatoa mapema. Kinachotenga kifaa kizuri na kibaya si wingi wa vitufe, wala ile namba kubwa ya DPI (hatua ambazo kihisi huhesabu kwa kila inchi ya mwendo wa gololi) iliyochapwa kwenye boksi. Ni viegemeo vitatu vya ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti ambavyo gololi imekalia.

Gololi haigusi kihisi. Inakaa juu ya viegemeo hivyo, na kihisi kinaitazama kupitia kidirisha kidogo. Unapotaka kusogeza kishale pikseli mbili tatu tu, lazima kwanza ushinde ule ukinzani wa mwanzo kati ya gololi na viegemeo. Kama ni mkubwa, gololi inagoma. Unaongeza nguvu, inaachia ghafla, na kishale kinapitiliza pale ulipokuwa unalenga. Watu wengi wakikutana na hali hii hulaumu kihisi na kuanza kupandisha DPI, jambo ambalo linazidisha tatizo, kwa kuwa kila mruko wa gololi sasa unakuwa mkubwa zaidi kwenye skrini. Kihisi ni kizima. Kinaripoti kwa uaminifu kile gololi ilichofanya.

Viegemeo vya chuma ndivyo vya bei ya chini na ndivyo vinavyolika. Ukivitazama kwa kioo cha kukuzia baada ya matumizi marefu, unaona juu ya kila kimoja doa bapa linalong'aa. Hapo chuma kimesagika na eneo la kugusana limepanuka. Rubi bandia na seramiki ya zirkonia hustahimili zaidi kwa kuwa ni ngumu kuliko gololi yenyewe. Kwenye vifaa vingi unaweza kuvibadilisha. Pima kipenyo kwa kalipa kwanza (2.5 mm ni kawaida, lakini usikisie), kitoe cha zamani kwa kukisukuma na sindano kutoka nyuma kama tundu limetoboka, kisha bonyeza kipya hadi kikae kwa kina kilekile cha vingine viwili. Kina ni muhimu. Kimoja kikisimama juu kidogo, gololi inakaa upande na umbali wake na kihisi unabadilika, kisha kishale kinaanza kupepesuka.

Kuna pia vifaa vinavyotumia beringi zinazozunguka badala ya viegemeo visivyosogea. Kampuni ya Ploopy ya Kanada wamefanya hivyo kwenye baadhi ya vipanya vyao, na nawaheshimu kwa sababu michoro yao iko wazi, programu ya ndani ni QMK, ambayo ni huria, na kipuri kikiharibika unaweza kukichapisha mwenyewe kwa printa ya 3D. Gololi juu ya beringi huanza kuzunguka kwa mguso mwepesi mno. Ila inatoa sauti, na beringi huzunguka vizuri upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo mkono wenye hisia kali utasikia tofauti. Kwa kazi ya kuchora mistari midogo mimi bado nachagua zirkonia.

Usafi ndio nusu ya maisha ya kifaa hiki. Toa gololi: kubwa hudondoka ukikigeuza kifaa juu chini (weka kiganja chini yake!), ndogo unaisukuma kwa kalamu kupitia tundu la chini. Chungulia ndani. Juu ya kila kiegemeo utakuta kifundo cha uchafu wa kijivu, mchanganyiko wa vumbi na mafuta ya ngozi ulioshindiliwa na gololi. Kikwangue kwa ukucha au kijiti cha mbao, usitumie kisu. Kidirisha cha kihisi kifute kwa pamba ya masikio iliyo kavu. Unywele mmoja uliokwama pale unatosha kukifanya kishale kitetemeke. Kwa mtu anayefanya kazi kutwa, mara moja kwa wiki inafaa, na haichukui dakika mbili.

Sasa jambo linalowashangaza wageni. Ukiiosha gololi kwa sabuni na kuikausha vizuri, itakuwa ngumu kuzunguka kuliko ilivyokuwa. Hujaiharibu. Umeondoa utando mwembamba wa mafuta ya ngozi uliokuwa unailainisha. Gololi mpya kutoka kiwandani nayo huwa hivyohivyo, ndiyo maana kifaa kipya hukwama siku za mwanzo. Dawa yake ni kuizungusha viganjani kwa dakika moja, au kuipitisha pembeni mwa pua pale ngozi inapong'aa. Mafuta ya kupikia na ya mashine yaache. Yanateleza kwa siku mbili kisha yanageuka gundi ya vumbi. Asetoni nayo usiikaribishe, inatafuna plastiki na kuua mng'ao.

Kuhusu ukubwa wa gololi, hesabu ndogo inasaidia. Kihisi kikiwa kwenye DPI 400 na mpangilio wa kuharakisha kishale (unaokipeleka mbali zaidi ukizungusha kwa kasi) ukiwa umezimwa, kuvuka skrini yenye upana wa pikseli 1920 kunahitaji uso wa gololi usafiri inchi 4.8, takriban milimita 122. Gololi ya 34 mm ina mzingo wa milimita 107, kwa hiyo utaizungusha zaidi ya duru nzima, na kidole gumba kitainuka na kurudi mara kadhaa. Ya 55 mm ina mzingo wa 173, hivyo inatosha asilimia 70 ya duru. Tena, zikiwa za malighafi moja, kubwa ina uzito zaidi ya mara nne ya ndogo. Ukiisukuma mara moja inaendelea kubiringika yenyewe, nawe unaisimamisha kwa kuigusa tu. Ndiyo maana kwenye gololi ndogo naacha mpangilio wa kuharakisha ukiwa umewashwa, na kwenye kubwa nauzima.

Kwa upande wa mwili, aina hizi mbili hazifanani hata kidogo. Ya kidole gumba huzoeleka siku ileile, na kuburuta faili ni rahisi kwa sababu kidole kinachoshikilia kitufe si kile kinachozungusha. Lakini kazi yote ya kishale inabebwa na kiungo kimoja. Mwenye maumivu kwenye shina la gumba au kwenye kano za upande huo wa kifundo cha mkono asinunue aina hii, hata kama imeinamishwa vizuri (Logitech MX Ergo, kwa mfano, hulala digrii 20, jambo linaloupumzisha mkono wa mbele ila halipunguzi kazi ya gumba). Kubwa inagawa kazi kwa vidole viwili vitatu. Shida yake ni kimo. Gololi yenyewe ni milimita 55, kilele chake hakiwezi kuwa chini ya hapo, na mkono usipoegemezwa kifundo kinapinda kwenda juu. Weka mto mnene wa kifundo, pandisha kiti hadi kiwiko kiwe usawa wa meza, na ikibidi inua ukingo wa kifaa ulio karibu nawe ili kiinamie mbele.

Kuburuta kwenye kubwa kunahitaji kuzoea: gumba linashikilia kitufe, vidole vinazungusha. Ukichoka, kipe kitufe kimojawapo kazi ya kufunga buruta; ubofye mara moja kushika, mara ya pili kuachia. Kwa watumiaji wa Linux, libinput (sehemu ya mfumo inayoshughulikia vipanya) inakuruhusu kushikilia kitufe fulani ili gololi yote igeuke kuwa ya kusogeza ukurasa, na kwangu hiyo imepita gurudumu lolote.

Ugonjwa wa swichi, kile kidude kilicho chini ya kitufe, nao usipuuzwe: unabofya mara moja, kompyuta inasoma mara mbili, au faili inadondoka katikati ya kuburuta. Bamba la chuma ndani ya swichi hulegea, na ncha zake hupata kutu nyembamba ambayo mkondo hafifu wa umeme wa vifaa vya leo hauwezi kuiunguza. Kifaa changu kidogo kilifika huko. Nilibadilisha swichi kwa Omron D2F-01F, ambayo ncha zake zimepakwa dhahabu kwa ajili ya mikondo midogo. Ina miguu mitatu na urefu wa milimita 12.8, yeyote anayemudu kulehemu ataiweka.

Ukitaka kubadilisha gololi kwa ya rangi nyingine, jua kwanza kihisi kinasoma nini. Tangu Logitech walipotoa TrackMan Marble mwaka 1995, baadhi ya vifaa husoma madoa yaliyochapwa kwenye gololi, na hivyo havitaiona gololi isiyo na madoa. Vihisi vya kisasa zaidi husoma chembe za kumeta au mikwaruzo midogo ya uso, vinavumilia mengi, lakini gololi nyeusi tii isiyo na chembe inaweza kuvipoteza.

Kifaa kipya nakijaribu hivi, kabla muda wa kukirudisha haujaisha. Fungua programu yoyote ya kuchorea, shikilia kitufe, na chora polepole sana duara la ukubwa wa sarafu. Rudia mara kumi. Ikitoka mviringo, viegemeo viko sawa. Ikitoka na ngazi au kona, safisha, ipake gololi mafuta ya ngozi, na jaribu tena baada ya siku mbili. Kona zikibaki palepale, kirudishe.