Friza ya Lita Ngapi Inaifaa Familia Yako?

Karibuni tena watazamaji wangu. Leo hapa nina friza tatu za kulala: ya lita 100, ya lita 200 na hii kubwa ya lita 300. Wengi mnaniuliza, "Dada, nyumbani tuko watano, nichukue ipi?" Na mimi nauliza: kitoweo mnanunua vipi? Watano wanaochukua nusu kilo ya nyama buchani kila jioni, na watano wanaokwenda soko la samaki la Feri mara moja kwa mwezi wakarudi na ndoo za samaki, hawahitaji friza ya ukubwa mmoja.

Anza na lita 40 hadi 50 kwa kila mtu. Mkinunua kwa jumla, ongeza. Lita moja ya nafasi inachukua karibu nusu kilo ya chakula, tena ukipanga vizuri.

Sogeza kamera hapa, kwenye hii ya lita 100. Mnaona hiki kidaraja humu ndani? Chini yake ndipo mota ilipo. Ndoo haikai hapo, wala kuku mzima hakai vizuri. Ukiwa dukani usiangalie namba kubwa ya mlangoni tu, soma kibandiko cha nyuma. Lita za jumla ni nyingine, na lita halisi za kuhifadhia ni nyingine, na hizo halisi ndizo unazozilipia.

Kwenye kibandiko hichohicho kuna kilo kwa saa 24. Hiyo ni kiasi cha chakula kibichi ambacho friza inaweza kukigandisha kwa siku. Watu wanairuka namba hii, halafu siku ya Idd wanatia nyama yote kwa mpigo, na kesho yake ile ya katikati bado laini. Gawanya kwenye mifuko midogo, itandaze, uingize kwa awamu. Kwa sisi wa Dar es Salaam na pwani yote, tafuta pia herufi T kwenye daraja la hali ya hewa: friza hiyo imeundwa kufanya kazi mpaka joto la nyuzi 43.

Sasa LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, maana hapa ndipo watu wanaumia. Kibandiko kikisema uniti 0.6 (kWh) kwa saa 24, hiyo ni uniti 18 kwa mwezi. Kikisema 1.2, ni 36. Kama uko kwenye ile tarifa nafuu ya watumiaji wadogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hiyo friza ya 1.2 peke yake imekula karibu nusu, na bado hujawasha pasi.

Na umeme ukikatika? Friza iliyojaa, usipoifungua, inashika baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Ndiyo maana sipendi kuona mtu ananunua kubwa "kwa ajili ya baadaye" halafu ina mifuko miwili ya samaki chini. Kama tayari unayo, jaza nafasi iliyobaki kwa chupa za maji.

Kwa maoni yangu, familia ya watu wanne au watano wanaonunua kitoweo cha wiki mbili mpaka mwezi, hii ya lita 200 inawatosha vizuri. Lita 100 ni ya wawili, au ya kusaidia friji ya kawaida. Lita 300 muachie mwenye familia kubwa kweli, au mama anayeuza barafu na juisi ya ukwaju, kwa sababu kwake inazunguka kila siku.

Kabla hujalipa, fanya hivi. Weka noti ukingoni, funga mfuniko, vuta. Hii hapa imeng'ang'ania, safi. Hii ya pili... mnaona? Imetoka bila kushikwa, mpira haujakaa sawa kwenye hii kona. Zunguka pande zote nne, na ikiteleza popote mwambie muuzaji akuletee nyingine.